Uhuru Park: Bustani ambayo Nairobi imelazimika kuipigania kila kizazi

SAA saba mchana, ofisi za katikati ya Nairobi zinapofungua milango kwa ajili ya chakula, wapo wafanyakazi wasiokwenda hotelini. Wanavuka Uhuru Highway, wanaingia Uhuru Park na kuketi kwenye nyasi. Mmoja ana njugu za kukunja kwenye karatasi, mwingine ana gazeti alilorithi ofisini, wa tatu amejilaza huku viatu vyake amevifanya mto ili visiondoke na mtu mwingine. Wapo pia waliokuja mjini asubuhi kutafuta kazi na hawana nauli ya kurudi na kutoka tena.

Hakuna anayewauliza wamenunua nini. Katika jiji ambalo kukaa kitini popote kunadai kwanza uagize chai, hiyo si huduma ndogo. Ndiyo huduma kuu ambayo bustani hiyo imewapa wakazi wa Nairobi tangu Rais Jomo Kenyatta alipoifungua kwa umma tarehe 23 Mei, 1969.

Eneo lenyewe si kubwa kiasi hicho. Uhuru Park ina hekta 12.9. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Bustani ikigawanywa sawasawa, kila mkazi atapata kipande cha ardhi kisichofikia nusu ya karatasi moja ya kuandikia barua. Hata hivyo, kipande hicho kimeutoa jasho utawala wa chama kimoja, kimebadilisha ramani ya barabara ya mabilioni ya shilingi, na kimekuwa mahali ambapo Kenya imekuwa ikija kuapisha, kuomboleza, kusali na kulalamika.

Historia hiyo inafaa kusomwa upya sasa, wakati majiji ya Afrika Mashariki yanashindana kukarabati bustani zake. Swali ambalo halipewi nafasi kwenye michoro ya wahandisi ni hili: baada ya ukarabati, bustani inabaki ya nani?

Kutoka uwanja wa matembezi hadi uwanja wa taifa

Uhuru Park iko mahali ambapo kila mwenye mamlaka lazima apatazame. Upande mmoja ni katikati ya jiji, yenye Bunge, mahakama na mabenki. Upande wa pili ardhi inapanda kuelekea Community na Upper Hill, kwenye ofisi za wizara na majengo marefu mapya. Ng'ambo ya Kenyatta Avenue kuna Central Park, dada yake mdogo.

Kwa miongo mingi, familia zilifika hapo Jumapili baada ya ibada. Watoto walipanda boti kwenye ziwa dogo la kuchimbwa. Wapiga picha walizunguka na kamera shingoni, wakiwapiga picha wageni kutoka mashambani huku majengo ya jiji yakionekana nyuma yao. Picha hizo ziko katika sebule nyingi za Kenya. Wahubiri walihubiri, wauza aiskrimu waliuza, na maharusi walikuja na msafara wao kupiga picha penye kijani.

Mteremko wa nyasi unaoangalia jukwaa uliipa bustani kazi ya pili. Mtu akiketi juu anamwona anayezungumza chini bila kuhitaji kiti wala tiketi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa hapo mwaka 1980 na akarudi mwaka 1985, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la kimataifa. Tarehe 30 Desemba, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa hapo kuwa rais akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani, mbele ya umati uliojaza nyasi zote na kupanda miti, na KANU ikaondoka madarakani baada ya takriban miaka 40.

Bustani pia imeona majonzi. Juni 13, 2010, milipuko ilitokea katika mkutano wa sala na kampeni ya kupinga rasimu ya Katiba, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Miezi miwili baadaye, Agosti 27, Katiba ileile ilitangazwa rasmi katika bustani hiyohiyo.

Ghorofa 60 zilizokwama

Kama mambo yangekwenda kama yalivyopangwa mwaka 1989, sehemu kubwa ya matukio hayo isingekuwa na mahali pa kufanyika. Mwaka huo, kampuni ya Kenya Times Media Trust, iliyohusiana na chama tawala cha KANU na mfanyabiashara wa magazeti wa Uingereza Robert Maxwell, ilipanga kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60. Lingekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000. Mpango ulijumuisha pia sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi.

Profesa Wangari Maathai, mwanasayansi aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alianza kwa kuandika barua. Aliiandikia Kenya Times yenyewe, Ofisi ya Rais, wakuu wa jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa na Balozi wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: jengo kama hilo lisingejengwa ndani ya bustani kuu ya London au New York, basi kwa nini lijengwe Nairobi?

Majibu yalikuja kwa njia nyingine. Wabunge walimkejeli ndani ya Bunge, wakitaja hata talaka yake. Rais Moi alisema hadharani kwamba mwanamke mwenye heshima ya Kiafrika huwanyamazia wanaume, na kwamba wanaopinga mradi wana wadudu kichwani. Green Belt Movement ikafukuzwa katika ofisi za serikali ilizokuwa ikitumia, na mama huyo akahamishia kazi nyumbani kwake.

Alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Desemba 1989 mahakama ilitupilia mbali kesi yake. Jaji hakusema kwamba bustani si mali ya umma. Alisema kwamba mlalamikaji hakuwa na haki ya kushtaki, kwa sababu hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa lugha ya mtaani, kile ambacho ni cha wote hakuna mmoja anayeweza kukidai.

Alishindwa mahakamani lakini kelele zilikuwa zimevuka mipaka. Wafadhili wa nje walianza kuona aibu, mradi ukapunguzwa, halafu ukakosa fedha. Februari 1992 uzio wa mabati uliokuwa umezungushwa kwenye eneo la ujenzi uliondolewa.

Kina mama wa Freedom Corner

Mwezi huohuo bustani ilipata jina lake la pili. Tarehe 28 Februari, 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka vijijini, walipiga kambi kwenye kona moja ya Uhuru Park na kuanza mgomo wa kutokula. Walidai wana wao waachiwe. Kenya ilikuwa imerudisha mfumo wa vyama vingi miezi michache tu iliyopita, na wao waliuliza kwa nini waliofungwa kwa kuudai walikuwa bado gerezani.

Kila siku watu waliongezeka. Waliokuja kutazama walibaki kusimulia mateso waliyopata mikononi mwa polisi, mambo ambayo hadi wakati huo yalinong'onwa tu. Machi 3, polisi walivamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya kina mama walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa na bibi yake anaijua uzito wake.

Walipofukuzwa kwenye bustani, walihamia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani na kuendelea na kesha lao kwa karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 wengi wa wana wao waliachiwa. Kona ile ikabaki ikiitwa Freedom Corner.

Kuanzia hapo, kila mwenye kilio cha kitaifa alijua pa kuanzia: walimu, madaktari, wanafunzi, waathirika wa ghasia za uchaguzi. Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipanda mti hapo mwaka 2006 akiwa na Barack Obama, wakati huo seneta wa Marekani. Alipofariki mwaka 2011, taifa lilimuaga hapohapo, mwili wake ukiwa ndani ya jeneza lililotengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ya waathirika wa mateso ya wakati wa Mau Mau, uliogharamiwa na Uingereza baada ya kesi ya wazee hao London, ulizinduliwa kwenye kona hiyohiyo.

Kesi iliyoshindwa ikawa sheria

Kuna jambo moja ambalo husahaulika Uhuru Park inapotajwa. Kesi aliyoshindwa Maathai mwaka 1989 ilishinda baadaye kwa njia ya Katiba. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishwa, na inasema wazi kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kizingiti alichojikwaa Maathai kiling'olewa, na hati iliyokiondoa ilitiwa saini na kutangazwa juu ya nyasi alizokuwa amezitetea.

Katiba hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 62 inasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa vinginevyo ila kwa mujibu wa Sheria ya Bunge. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Kwa hiyo bustani kama Uhuru Park inalindwa mara mbili: kama ardhi na kama ukumbi.

Ulinzi wa kwanza ulipimwa mwaka 2019. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilichorwa ikimega ukanda wa bustani kando ya Uhuru Highway. Green Belt Movement ilisimama tena, mara hii Wanjira Mathai, binti wa Wangari, akiwa miongoni mwa sauti kuu. Wananchi walifuata, mitandaoni na bustanini. Serikali ikabadili msimamo na kutangaza kwamba barabara haitagusa bustani. Leo barabara hiyo inapita juu ya nguzo ubavuni mwa Uhuru Park. Anayepita juu analipia, na chini yake nyasi zingali zilipokuwa.

Ulinganisho wa mwaka 1989 na 2019 unaonyesha nchi ilikotoka. Mara ya kwanza ilichukua zaidi ya miaka miwili, vipigo na aibu ya kimataifa. Mara ya pili ilichukua muda mfupi, na hakuna aliyeambiwa ana wadudu kichwani.

Changamoto mpya inaitwa ukarabati

Mwaka 2021 kilikuja kitu ambacho ni vigumu zaidi kukipinga. Nairobi Metropolitan Services, idara iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi, iliifunga Uhuru Park na Central Park kwa ajili ya ukarabati. Sababu zilikuwepo. Nyasi zilikuwa zimekwisha kwa mikutano, vyoo havikutosha, ziwa lilikuwa chafu, na baada ya jua kuzama wengi waliogopa kupita. Mwananchi anayelipa kodi ana haki ya choo safi na taa inayowaka. Mpango ulileta njia mpya za kutembea, bustani za maua, sehemu za watoto kuchezea na jukwaa lililojengwa upya.

Tatizo halikuwa marekebisho hayo. Tatizo lilikuwa kwamba bustani ilipotea machoni mwa umma kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, ikipitia uchaguzi mkuu wa 2022 na mabadiliko ya uongozi wa kaunti, huku mwananchi wa kawaida akiwa hajui nani hasa ameshika ufunguo. Waliokuwa wakilala hapo mchana walitafuta vivuli vingine. Wapiga picha na wauzaji wadogo walitafuta riziki kwingine. Ghorofa 60 zilikuwa na mwenyewe wa kuandikiwa barua, lakini mlango uliofungwa "kwa muda" huwa hauna wa kuulizwa.

Kuna suala la pili, nalo linahusu mikutano. Bustani nzuri ina sababu nyingi za kukataa umati: nyasi zitakanyagwa, maua yataharibika, gharama ya usafi itapanda. Sababu hizo ni za kweli. Lakini pia ni sababu zinazomfaa sana mtawala asiyetaka kusikia. Tarehe 30 Januari, 2018, Raila Odinga alikula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park mbele ya maelfu ya wafuasi, na serikali ikazima vituo vikubwa vya televisheni visiitangaze hafla hiyo. Kiongozi yeyote anayekumbuka siku ile anaweza kuona faida ya bustani ambayo ni ya maua peke yake.

Jibu la vijana lilikuja Julai 7, 2024. Siku ya Saba Saba, wiki chache baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha na vifo vilivyofuata, vijana walikusanyika Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa kina mama walipopigwa mwaka 1992. Hawakuhitaji kuelekezwa pa kwenda.

Majirani wamechagua nini

Nairobi haiko peke yake katika mashaka haya. Jijini Kigali, ardhioevu ya Nyandungu iliyokuwa imechakaa imegeuzwa kuwa bustani ya takriban hekta 120, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ina njia za miguu na za baiskeli, mabwawa na mimea ya dawa, nayo inasaidia kuzuia mafuriko. Ni kazi ya kupigiwa mfano, na usafi wake unawashangaza wageni. Lakini kuingia ni kwa kiingilio, na hakuna anayeifikiria kuwa mahali pa kupeleka malalamiko.

Kampala ina uwanja wenye jina zuri kuliko yote, Uwanja wa Katiba, katikati kabisa ya jiji. Kwa miaka mingi, hasa tangu maandamano ya "tembea kwenda kazini" ya mwaka 2011, uwanja huo umejulikana zaidi kwa polisi waliouzunguka kuliko kwa wananchi waliokaa ndani yake.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa kwa msaada wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wauza mishkaki, urojo na maji ya miwa walipangiwa nafasi na masharti ya usafi badala ya kufukuzwa moja kwa moja. Jioni hadi leo, mtalii na mtoto wa Mji Mkongwe wanaegemea ukuta mmoja wakitazama vijana wakijirusha baharini. Mpango huo umekuwa na malalamiko yake, lakini umethibitisha kwamba usafi na mchuuzi vinaweza kukaa pamoja.

Dar es Salaam nayo ina funzo lake. Mnazi Mmoja ilianza kama ukanda wazi ambao wakoloni waliuacha ili kuutenga mji wa Waafrika wa Kariakoo na sehemu za Wahindi na Wazungu. Ardhi iliyotengwa ili watu wasikutane ikaja kuwa uwanja wa mikutano ya TANU na wa kumbukumbu za Uhuru.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uhuru Park imenusurika mara mbili kwa sababu walitokea watu wa kuitetea, na mmoja wao alikuwa mtu wa nadra. Jiji haliwezi kuweka akiba ya mashujaa. Kinachoweza kuwekwa ni maandishi.

Yapo mambo matatu ambayo Kaunti ya Nairobi, na kila jiji la kanda linalokarabati bustani, linapaswa kuyaandika na kuyabandika mlangoni. La kwanza ni mipaka: ramani ya bustani na hati yake ziwe wazi kwa yeyote anayetaka kuziona, ili mmego wa mita chache utambuliwe kabla ya nguzo kusimamishwa. La pili ni ufunguo: nani anaweza kuifunga bustani, kwa sababu gani, kwa siku ngapi, na anayepinga aende wapi. La tatu ni mkutano: masharti ya kuomba nafasi yawe yaleyale kwa kwaya, kwa chama tawala, kwa upinzani na kwa kina mama wenye picha za watoto wao, na gharama ya kusafisha ijulikane mapema badala ya kubuniwa siku ya maombi.

Fedha nazo zinahitaji kuzungumzwa bila kuzungushana. Bustani safi ina gharama, na kaunti zenye madeni hutamani kiingilio. Zipo njia za kupata pesa bila kumzuia mlalahoi: kodi ya migahawa iliyomo, ada ya maegesho, ada ya wapiga filamu na wenye harusi kubwa. Kiingilio cha shilingi 50 kinaonekana kidogo kwa anayekipanga. Kwa anayetembea kwa miguu kutoka Kibera kuja kutafuta kibarua, hiyo ni chapati na chai ya siku.

Mafanikio ya ukarabati hayatapimwa siku ya uzinduzi, wakati kwaya zinaimba na chemchemi za maji zimefunguliwa. Yatapimwa siku ya kazi isiyo na jina, saa saba mchana, kwa kutazama kama yule wa njugu, yule wa gazeti na yule wa viatu chini ya kichwa bado wapo kwenye nyasi, au wameachwa wamesimama nje ya geti.